Mdomo Wangu na Pua ya Shefu Hatibu

Siku mliyoniaga nikistaafu, pale ukumbini hotelini, mlinipa kipaza sauti, nikasema maneno matatu, nikalia, nikakirudisha. Mniwie radhi. Keki ilikuwa nzuri. Sasa nina miezi minne nyumbani Mabawa. Kuku wangu wote nimeshawapa majina, na mume wangu ameanza kuniuliza kila asubuhi kama leo nina mahali pa kwenda. Ndiyo maana nimechukua daftari, niandike yale niliyoshindwa kuyasema.

Ya vyeo sitayaandika. Nilianza kwa kubeba sahani, nikamaliza kwa kuwaambia wengine wazibebe, basi. Nataka kuwaandikia habari za ule mvinyo mwekundu wa Kihispania, maana kila mhudumu mpya akiingia pale husimuliwa kisa cha Tabitha na mvinyo, na kila msimulizi hukiharibu kwa namna yake. Wengine mnasema nilizimia. Sikuzimia. Nilikaa chini.

Nimezaliwa Pongwe, kwenye kambi ya shamba la mkonge. Baba alishuka kutoka Lushoto akiwa kijana kuja kukata mkonge, na kwetu tulikuwa Walutheri wa kukaa benchi la mbele. Kabla sijaajiriwa, divai pekee niliyowahi kuitia mdomoni ni ile ya Chakula cha Bwana. Sasa siku yangu ya kwanza kazini, msimamizi wangu, mzee mmoja mkali aliyetembea na vitambaa vitatu vyeupe mfukoni, alinimiminia mvinyo kidogo kwenye glasi akaniambia, "Onja, ujue unachowapelekea watu." Nikaishika glasi kwa mikono miwili. Nikafumba macho, nikanywa, nikainamisha kichwa, nikasema kwa sauti, "Amina."

Wageni wawili wa meza ya jirani waliweka uma chini. Mmoja wao, maskini, akaitikia.

Msimamizi hakucheka. Alinikabidhi kizibuo chenye mpini wa mbao na chupa tupu kumi zilizorudishiwa vizibo, akaniambia nisimwone mgeni yeyote mpaka nizifungue zote bila kujikwaruza. Hapo nilijifunza jambo ambalo bado nawaona mkilikosea: kile chuma kizungushwe kikiwa wima katikati ya kizibo, kisha uvute polepole. Mnavuta kama mnang'oa muhogo. Chupa haina mizizi.

Shefu Hatibu nilimkuta jikoni tayari. Mtu wa Chumbageni, mwembamba kama mwiko, na pua kubwa ambayo mwanzoni nilidhani ni ya urembo tu. Nilipoingia jikoni kumwamkia, alivuta pumzi mara moja akasema, "Bibie, umekuja mjini na lori la machungwa." Nilikuwa nimekuja na lori la machungwa. Mtu huyu angeweza kusimama mlangoni akakwambia maziwa yaliyo kwenye friji ya ndani yana siku ngapi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuongea na mgeni. "Usimwambie chakula ni kitamu," alikuwa akisema. "Utamu atauona mwenyewe. Wewe mwambie ndani mna nini." Kwa miaka yote niliyofanya kazi sikupata somo lingine la maana kama hilo, ingawa nilipelekwa semina nyingi zenye chai.

Basi tulifanya kazi hivyo, yeye jikoni na mimi ukumbini, mpaka mwaka ule Bwana Fidelis, mwenye hoteli, aliporudi kutoka Dar es Salaam na katoni zilizojaza nusu ya stoo. Bwana Fidelis ni mtu mwema, ila mawazo yake humfika kabla hajakaa. Ulikuwa mvinyo mwekundu kutoka Uhispania, wa bei nafuu, na kwenye lebo palikuwa na fahali aliyeonekana kama ametoka kutukanwa.

"Tabitha," akaniambia, "huu tutautoa na kila kitu."

"Kila kitu kipi, bosi?"

"Kila kitu kilichopo kwenye menyu."

Mnaijua menyu yetu. Watu huja pale kwa samaki wa kupaka. Mgeni wa kwanza alikula samaki, akanywa funda moja, akaitazama glasi kwa muda mrefu, kisha akaomba maji. Wa pili akaomba maji kabla hata ya kuitazama. Nilipoonja mwenyewe, samaki wa nazi na ule mvinyo kwa pamoja, nilihisi nimelamba kitasa cha mlango. Wiki ya pili chupa zilikuwa zinarudi zikiwa zimepungua kidole kimoja, na Bwana Fidelis akaanza kusema kwamba kama ukumbi wa chakula haufanyi vizuri, labda tufunge jiko tubaki na vyumba na chai ya asubuhi. Alisema hayo mbele ya Shefu Hatibu, huku akila chakula cha Shefu Hatibu.

Alasiri ile, wageni wakiwa wamepumzika, Shefu aliniita kwenye lile dirisha la kupitishia sahani. "Mimi sionji," akasema. "Tangu nizaliwe sijaonja, na chupa yenyewe siishiki. Lakini harufu inanifuata hapa nilipo, siwezi kuizuia. Wewe onja huko uliko, kisha nieleze."

Katoni zilikuja na kijitabu. Nikakifungua nikamsomea kwamba mvinyo huu una matunda meusi ya msituni.

"Msitu upi?" akauliza. "Wa Amani?"

"Hawakusema."

"Basi weka hicho kijitabu chini. Nieleze kwa vitu vya sokoni."

Nikaonja. Nikazungusha ulimi. Nikafikiri. "Zambarau," nikasema. "Zile ambazo hazijaiva sawasawa. Inakausha ulimi vilevile, mpaka meno yanahisi yamevaa soksi. Halafu nyuma yake kuna mbao, kama ukifungua kabati jipya la seremala."

Shefu Hatibu alikuwa na mwiko mkononi, akaugonga kidogo kwenye meza. "Tulipokuwa watoto," akasema, "zambarau kali tulikuwa tunakula na nini?"

"Na chumvi."

"Na chumvi, yakhe! Basi huyu hataki nazi. Anataka chumvi na mafuta."

Tulijaribu wiki nzima. Hapa ndipo penye kisa cha kuzimia. Kijitabu kilikuwa na picha ya mwanamume aliyevaa tai akitema mvinyo kwenye ndoo, na kilisema waonjaji wote hutema. Mimi nimelelewa kwamba mwanamke hatemi mate mbele za watu, sembuse mbele ya shefu. Kwa hiyo nilimeza. Siku ya tatu, baada ya mihogo ya kuchoma, dagaa, kachumbari na sambusa, kila kimoja na funda lake, nilikaa chini kando ya gunia la unga na kuanza kuliimbia pambio, sauti ya pili peke yake. Shefu anasema niliimba vizuri. Kesho yake nilinunua ndoo.

Haya ndiyo tuliyoyapata, nanyi mkiyashika hamtaaibika. Pilipili kali huugeuza mvinyo huu moto mdomoni, mgeni akadhani kanywa spiriti. Ndimu nyingi kwenye kachumbari huufanya uwe kama maji ya chuma. Dagaa, msiulize. Lakini mishikaki ya ng'ombe yenye vipande vya mafuta katikati, iliyotiwa chumvi sawasawa na kuchomwa mkaani, ukiila na funda la mvinyo ule, ile zambarau inaiva papo hapo mdomoni mwako. Na pweza! Shefu alimchemsha akalainika, akampaka nyanya, kitunguu saumu na mafuta, akamchoma juu ya mkaa mpaka ncha za mikono zikawa nyeusi. Nilipoonja nikanyoosha tu sahani kupitia dirishani aniongeze.

Jambo jingine. Chupa ikiandikwa iletwe kwa joto la chumba, jueni wanasema chumba cha kwao, si cha Tanga mwezi wa pili. Iwekeni kwenye friji nusu saa kabla ya kuipeleka mezani. Na iliyofunguliwa ikabaki, izibeni muirudishe humo humo kwenye friji. Mkiiacha kaunta, kesho mchana mnayo siki.

Tukaandika menyu mpya. Chupa zikaanza kwenda. Bwana Fidelis akaacha habari ya kufunga jiko, akasema alijua tangu mwanzo.

Ndipo akaja Bi Pilar. Alikuwa nesi mstaafu, Mhispania, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika geti la nje. Alikaa kwa chakula cha mchana, nikamletea chupa, akamwona yule fahali, akacheka mpaka akafuta machozi. "Huu!" akaniambia. "Kwetu vijana huuchanganya na soda ya kola na barafu!" Nilitamani sakafu inimeze. Mwaka mzima nilikuwa nauleta ule mvinyo mezani na kitambaa mkononi kama mtoto wa kubatizwa.

Lakini akala pweza. Akaacha kucheka. Akanywa funda, akala tena, akaomba sahani ya pili, na ya pili ilipoisha akanyanyuka na glasi yake, akaingia jikoni moja kwa moja bila kuuliza, akambusu Shefu Hatibu shavu hili na hili. Kisha, ili apate kupiga makofi, akamshikisha ile glasi.

Shefu aliishika kwa vidole viwili, mbali na kifua, kama mtu aliyepewa mtoto aliyelowa. Haikufika nusu dakika. Ila Bwana Fidelis alikuwa mlangoni na simu yake, akapiga picha.

Wiki mbili baadaye likasimamishwa bango kwenye barabara itokayo Pongwe, pale magari yanapopunguza mwendo kuingia mjini. Mchoraji alikuwa ameitazama ile picha kisha akafanya anavyotaka. Shefu Hatibu alikuwa mkubwa kama nyumba, sharubu zimechanwa, meno yote nje, glasi imeinuliwa juu. Chini yake: SHEFU HATIBU ANASEMA, HUU NDIO WENYEWE!

Sasa Zuhura, binti yake Shefu, alikuwa ameposwa na kijana wa Pongwe. Jumamosi ile wazee wa kijana walikuwa wanakuja Chumbageni kukubaliana siku ya harusi. Mama yake, Bi Mwanaisha, alikuwa amepika tangu alfajiri. Wageni hawakufika. Baadaye tukajua kwamba walipofika penye bango, mjomba wa kijana, Mzee Mbaraka, alimwambia dereva arudi nyuma kidogo atazame vizuri. Akatazama vizuri. Akasema wageuze gari.

Jumatatu Shefu alikuja kazini kama kawaida, akatia sukari kwenye samaki. Nilimkuta amesimama mbele ya jiko, hageuzi chochote.

"Msikitini wananipisha njia," akasema. "Hayo nayaweza. Lakini Zuhura hajatoka chumbani tangu juzi. Tabitha, mimi sijawahi kugusa, wewe unajua."

Nilijua. Na nilijua pia kwamba ile glasi aliyoshikishwa niliijaza mimi. Nikampigia simu Bwana Fidelis, alikuwa Arusha. Akasema bango limependwa sana. Nikamjibu maneno ambayo mtu anayetaka kubaki kazini hamjibu bosi wake, nikakata simu, nikamwambia Shefu avue aproni.

Tulikwenda Pongwe watu watatu, mimi, Shefu na Bi Mwanaisha. Mzee Mbaraka alitupokea barazani kwake. Alikuwa mtu mzima, kanzu imenyooshwa vikali, macho ya mtu asiyependa kupotezewa muda. Akina mama walikuwa ndani nyuma ya pazia, na pazia lilikuwa linapumua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba, mama. Semeni."

Shefu Hatibu akaapa kwamba hajawahi kuonja. Mzee Mbaraka akamsikiliza mpaka mwisho. "Bwana Hatibu," akasema kwa upole, "nimekuona na glasi. Glasi yenyewe kubwa kuliko mimi. Na umeandikiwa kwamba unasema huo ndio wenyewe. Umejuaje kuwa ndio wenyewe?"

"Mzee," nikaingilia, "mdomo ni wangu. Pua ni yake."

Nikamweleza yote, dirisha, zambarau, chumvi, hata gunia la unga. Nyuma ya pazia mtu alikohoa kicheko. Mzee Mbaraka akatikisa kichwa. "Hakuna mtu wa kujua chakula kwa pua peke yake. Hayo ni maneno ya hotelini."

"Mpe mtihani," akasema Bi Mwanaisha, ambaye mpaka hapo hakuwa amefungua mdomo. "Mimi nimeishi na pua hiyo miaka thelathini. Mpe mtihani uone tabu ninayoipata."

Mzee akapenda. Akaagiza sahani zilizofunikwa kwa kawa zipangwe mkekani mbele ya Shefu. Shefu akainama juu ya kawa la kwanza.

"Wali wa nazi," akasema. "Nazi mbili. Moja ilikuwa imeanza kuota."

Sauti ya kike nyuma ya pazia: "Kweli! Niliwaambia!"

Akahamia la pili. "Mchuzi wa papa. Mzuri. Ila uliungua chini, ukahamishiwa sufuria nyingine, ikaongezwa bizari kuficha."

Mzee Mbaraka akageukia pazia. "Mama Halima, si uliniambia haujaungua?"

Pazia likaacha kupumua.

Mzee sasa alikuwa ameudhika. Akainuka mwenyewe, akaingia ndani, akarudi na sahani ya tatu chini ya kawa, akaiweka kwa uangalifu mkubwa, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyetega mtego. Shefu akanusa. Akanusa tena. Akakunja uso.

"Hapa hamna kitu," akasema. "Sahani ni tupu."

Mzee akafungua mdomo, lakini Shefu alikuwa hajamaliza. Mtu wa kazi hawezi kuacha kazi katikati. "Ila leo hii ilikuwa na kalimati. Kama tano, sita. Shira ya hiliki. Na aliyezila alimalizia shira kwa kidole, na kidole chenyewe," akainua kichwa, akavuta hewa upande wa mzee, "kidole chenyewe kimepakwa dawa ya kuchua ya mafuta ya mkaratusi."

Barazani palinukia mkaratusi tangu tulipoingia, na wote tulijua umetoka wapi.

"Mbaraka!" Pazia likafunguka, akatoka Mama Halima mzima. "Na daktari alivyosema juu ya sukari yako! Nikaambiwa wamekula watoto!"

Mzee Mbaraka alimtazama mkewe, akamtazama Shefu, akaitazama sahani. Kisha akajiweka sawa kanzu. "Yatosha," akasema haraka. "Pua nimeikubali. Mtu ana kipaji, ni mambo ya Mungu. Tuzungumze siku ya harusi."

Bi Mwanaisha alilia. Mimi nilicheka mpaka ubavu ukauma, na Shefu Hatibu alikaa tu pale mkekani, ameshika magoti, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi, kama mtu aliyeshushwa mzigo na bado hajaamini mabega yake.

Bango likabaki kuwa kazi yangu. Bwana Fidelis aliporudi nilimweka chini, na kwa mara ya kwanza alisikiliza mpaka mwisho, akaona haya kweli, akaenda mwenyewe Chumbageni kuomba radhi. Akakubali Shefu atolewe niwekwe mimi. Tatizo, alimtuma mchoraji yule yule, naye akaona hakuna haja ya kuanza upya. Alichora kilemba, hereni na mkufu juu ya kile kichwa cha zamani, akaandika TABITHA ANASEMA. Sharubu alizipaka rangi ya ngozi, mvua ya kwanza ikazifua zikarudi. Nilikaa pale barabarani na sharubu zangu mwaka mzima. Mchungaji aliniuliza kama ni mimi. Nikamwambia ni shangazi yangu.

Harusi ya Zuhura ilikuwa Pongwe na Chumbageni kwa pamoja, watu hawana pa kukanyaga. Shefu alikataa kupika siku ile, akasema baba wa bibi harusi ni mgeni, kisha akapita kwenye kila sufuria akinusa mpaka wapishi wakamfukuza. Mimi nilikuwa uani na akina mama, napanga vikombe. Mara nikaona mtu amekuja, akavuta mbuzi ya kukunia nazi, akaikalia kama kigoda. Mzee Mbaraka.

"Mama Tabitha," akasema, akitazama upande mwingine. "Nina swali. Si kwa ubaya."

"Uliza, mzee."

"Kile kitu cha bango. Mimi nimekwisha kuwa mtu mzima, sikukijua wala sitakijua. Lakini kinanisumbua kichwani. Kina ladha gani?"

Nilitaka kumpa jibu la haki, maana aliuliza kama mtu anayetaka kujua, si kama mtu anayetega. Nikafikiri kwa bidii. "Mzee, chukua zambarau ambazo hazijaiva. Zitie kwenye kabati jipya, ufunge. Ziache humo mpaka uzisahau. Halafu ufungue, uzikamue, unywe, na mdomo wote ukauke mpaka utafute nyama ya kuulainisha."

Alinisikiliza, mikono juu ya magoti, anaonja maneno moja moja.

"Na watu wanasafiri nacho kutoka Ulaya mpaka hapa?"

"Kwa meli, mzee."

Uso wake ukafunguka, akaniomba kikombe cha chai.

"Basi," akasema, "sijakosa kitu."